Anayekimbia hapimi mlango

Kuna mtu wa Seoul anayesafiri na nyumba ya baba yake ndani ya sanduku. Akifika anakokwenda anafungua sanduku, anatoa hariri ya kijani iliyopauka, anaitundika darini kwa nyuzi, na nyumba inaning'inia hewani ikiwa kamili: kuta, madirisha ya vimiani, ncha za paa, mishono inayofuata kila mahali boriti ilipokutana na nguzo. Wewe unapita chini yake umeinua shingo. Mtu huyo ni Do Ho Suh, mzaliwa wa 1962. Nyumba hiyo aliionyesha kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 1999 na kuipa jina la miji miwili, Seoul na L.A. Ilipokwenda New York jina likaongezwa mji wa tatu, kisha Baltimore, kisha London, kisha Seattle. Kila inapotundikwa, jina linarefuka.

Ni kazi nzuri kupita kiasi, na ni uzuri huo ulionifanya niitilie shaka.

Nyumba yenyewe ina kisa chake. Baba mtu, Suh Se-ok, alikuwa mchoraji mashuhuri wa wino. Miaka ya 1970, Seoul ilipokuwa ikibomoa nyumba za zamani na kupandisha maghorofa, yeye alijenga huko mtaa wa Seongbuk-dong nyumba ya jadi ya mbao, ambayo Wakorea huiita hanok, akifuata mfano wa jengo moja lililomo kwenye viwanja vya kasri la Changdeokgung. Hilo la kasri nalo lilijengwa mwaka 1828 kwa mfano wa nyumba ya msomi wa kawaida, ili mfalme aonje maisha ya mtu asiye na taji. Kwa hiyo mfalme alimwiga msomi, mchoraji akamwiga mfalme, na mtoto akaja kumwiga baba kwa sindano na uzi. Mtoto alihamia Marekani mwaka 1991, akasoma Providence kwenye jimbo la Rhode Island, halafu Yale. Miaka hiyo alipata kupanga New York mkabala na kituo cha zimamoto. Usingizi ukamkataa. Akajiuliza mara ya mwisho alilala vizuri lini, akakumbuka chumba kidogo cha kwao. Akarudi Seoul na futi kamba.

Mwaka 2025 jumba la sanaa la Tate Modern, London, lilimfanyia maonyesho makubwa. Nilikwenda na rafiki yangu, mama wa makamo kutoka Uvira, Kongo. Tulifahamiana kwenye basi la alfajiri, kwa sababu nilimsikia akigombana kwa Kiswahili kwenye simu na nikashindwa kujizuia kucheka. Pale Tate tuliingia kwenye mlolongo wa vyumba vya kitambaa vilivyounganishwa kimoja kwa kingine: unatoka ukumbi wa mji mmoja, unajikuta kwenye ngazi za mji mwingine, na ukuta unaokutenga na watu ni mwembamba kiasi kwamba unawaona wakipita upande wa pili kama vivuli vyenye rangi. Vitasa vimeshonwa. Bawaba zimeshonwa. Kwenye chumba kingine alikuwa ameshona nyumba yake ya sasa ya London kwa kitambaa cheupe kinachopenya mwanga, na kwenye kuta zake akabandika swichi, soketi, taa na vitasa vya nyumba zote alizowahi kuishi, kila mji na rangi yake, kila kitu kwa kimo kilekile kilipokuwa. Mkono wako unajua swichi iko wapi gizani, ndicho anachosema, hata kama akili imesahau.

Rafiki yangu alitazama zile soketi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Dada, huyu baba hakukimbia."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mutu mwenye kukimbia hapimi mulango."

Akaendelea mbele, akauliza wapi wanauza chai.

Tangu siku ile, kila ninapokutana na kazi ya msanii wa Kikorea aliyeishi nje ya kwao, naipima kwa maneno hayo. Huyu aliondoka na vipimo, au aliondoka bila? Nimegundua kwamba jibu linabadilisha karibu kila kitu: kitambaa anachochagua, urefu wa filamu, hata kama anaweza kuchekesha.

Mimi mwenyewe niko upande wa wenye vipimo, au nilikuwa. Tanga sikuikimbia. Niliondoka na viza, mabegi, na ndugu wakinisindikiza hadi Dar. Nyumba ya baba ilikuwa Ngamiani. Alipofariki tuliuza, tukagawana mirathi, mnunuzi akavunja na kuinua fremu za maduka. Nilipotoka Tate nilimwandikia kaka yangu kwenye WhatsApp kumuuliza swichi ya chumba cha uani ilikuwa kulia au kushoto. Akasema kushoto. Dada yetu mkubwa akaingilia kwamba hapakuwa na swichi kabisa, ilikuwa taa ya kuvuta kamba. Wamebishana jioni nzima. Hakuna anayeweza kwenda kuangalia.

Sisi wa Afrika Mashariki Korea tumeijua kwa tamthilia, nyingine zikiwa na DJ anayetafsiri juu kwa juu na kuongeza vituko vyake. Ndani ya tamthilia hizo watu huenda Marekani au Ulaya kusoma na kurudi wamevaa vizuri. Ni nadra sana kuonyeshwa wale wengine. Wakorea wanaoishi nje ya rasi yao hukadiriwa kuwa milioni 7 hivi, na sehemu kubwa ya historia yao si ya mabegi. Katikati ya karne ya 19 wakulima wenye njaa walivuka mto Tumen kuingia Urusi na Manchuria. Januari 1903 meli ya Gaelic ilishusha Wakorea 102 Hawaii kwenda kukata miwa. Chini ya ukoloni wa Wajapani, kati ya 1910 na 1945, watu wapatao milioni 2 walikwenda Japani, wengine kutafuta kazi na wengine kwa kulazimishwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, wapatao 600,000 walibaki huko, wakiwa wamepoteza uraia wa dola iliyowatawala na nchi yao imekatwa vipande viwili. Mwaka 1937 Stalin aliwapakia kwenye mabehewa Wakorea wa mashariki ya mbali ya Urusi, watu wapatao 172,000, na kuwamwaga Kazakhstan na Uzbekistan. Halafu kuna watoto, nitawafikia.

Mchoraji Pen Varlen alizaliwa mwaka 1916 katika jamii hiyo ya Wakorea wa Urusi. Alipata bahati ya kusomea Leningrad, kwenye chuo cha sanaa cha Repin, akafundisha hapohapo. Mwaka 1953 serikali ya Kisovieti ilimtuma Pyongyang kusaidia kujenga upya chuo cha sanaa baada ya vita vya Korea. Alikaa mwaka na miezi kadhaa, akachora mfululizo: watu wa sokoni, waigizaji, kubadilishana kwa mateka wa vita huko Panmunjom, mpakani. Akaugua, akarudi Leningrad kutibiwa, na Korea Kaskazini haikumruhusu tena kuingia. Aliishi hadi 1990 akiandika jina lake kwa herufi za Kikorea pembeni ya picha za bandari na misonobari ya Urusi. Seoul nayo haikumtaka enzi hizo, kwa kuwa alikuwa wa upande wa pili. Maonyesho yake makubwa Korea Kusini yalifanyika mwaka 2016, miaka 100 tangu azaliwe, katika kasri la Deoksugung. Ukizitazama picha zake za Pyongyang huoni mtu anayekumbuka; unaona mtu anayefanya haraka. Mikono ya mchoraji aliyekwisha kuambiwa muda wa kukaa.

Mwenzake wa Tashkent, Uzbekistan, Nikolai Shin, alikuwa mtoto treni zile zilipoondoka. Alipata kuchora msiba huo kwenye turubai zilizoungana hadi urefu wa mita 44, na watu wake karibu hawana sura. Sijawahi kusimama mbele yake. Nimeiona kwenye skrini tu, ambako mita 44 hukaa ndani ya kiganja, na hata hivyo nilishindwa kuitazama kwa mkupuo mmoja. Hapo hakuna soketi za kushona. Hakuna hata mlango.

Theresa Hak Kyung Cha ni wa aina ya katikati, na ndiye ninayemrudia mara nyingi. Alizaliwa Busan mwaka 1951, vita vikiendelea, mji umejaa wakimbizi wa nchi yao wenyewe. Familia ilihamia Hawaii akiwa msichana mdogo, kisha San Francisco, na yeye akasoma Berkeley. Mwaka 1975 alitengeneza video ya dakika kama nane, nyeusi na nyeupe. Unaona mdomo tu. Mdomo unafanya umbo la vokali za Kikorea, moja baada ya nyingine, na chenga za televisheni zinaufunika na kuufunua. Sauti unayosikia ni ya maji. Vokali zenyewe husikii. Basi, video imekwisha.

Watu huiandika kama kazi ya kinadharia sana, na huenda ni kweli. Mimi niliitazama nikiwa na mtoto wangu mezani akifanya kazi za shule, mtoto aliyezaliwa London, ambaye akitaka kutamka ng'ombe hukunja pua na midomo kwanza kama anayejiandaa kuruka. Alitazama skrini akasema, "Mama, huyu anafanya mazoezi." Sikupata maelezo bora popote. Mama yake Cha alikulia Manchuria, mtoto wa wahamiaji wa Kikorea, akisomeshwa kwa Kijapani; binti akaishi kwa Kiingereza na Kifaransa. Vizazi viwili, na mdomo bado unafanya mazoezi. Cha alijaribu kwenda Korea kupiga filamu ndefu mwaka 1980, wakati siasa za huko zimechafuka, na haikukamilika. Novemba 1982 aliuawa New York, siku chache baada ya kitabu chake Dictée kutoka. Alikuwa na miaka 31.

Nimesema wa katikati kwa sababu hakukimbia wala hakusindikizwa. Alichukuliwa na wazazi, kama wengi wetu tunavyowachukua wa kwetu bila kuwauliza.

Kimsooja yeye ameacha nyumba kabisa, amechagua furushi. Alizaliwa Daegu mwaka 1957. Baba yake alikuwa mwanajeshi na familia ilihamahama. Anachukua mashuka ya rangi kali ya kulalia, yale wanayopewa maharusi yakiwa yametariziwa alama za maisha marefu na watoto wengi, anakusanya nguo kuukuu za watu na kuzifunga ndani. Novemba 1997 alipanda juu ya lori lililosheheni mafurushi hayo na kuzunguka Korea kwa siku 11, kilomita 2,727, akipita mahali alipowahi kuishi. Amepigwa picha kutoka nyuma. Nywele zimefungwa, mgongo umenyooka, milima inapita. Mtu yeyote aliyewahi kuona kinamama wakipanda lori la mnada na vitambaa vyao vya mitumba hahitaji mhakiki wa kumweleza uzito wa mafurushi yale. Mwaka 1999 alipeleka lori kama hilo Venice na kulitoa wakfu kwa wakimbizi wa Kosovo.

Lakini kazi yake iliyonishika zaidi haina furushi. Kuanzia 1999 alikwenda kwenye miji minane, Tokyo, Shanghai, Delhi, New York, Mexico City, Cairo, Lagos na London, akasimama katikati ya barabara yenye watu wengi, mgongo kwa kamera, bila kutikisika. Kazi inaitwa Mwanamke Sindano. Tokyo watu wanampita kana kwamba ni nguzo. London vilevile. Lagos wanasimama na kumtazama usoni, na ninafikiri wana hoja: kuna mwanamke mgeni amesimama njiani, hauzi, hanunui, haombi, hasemi, lazima pana jambo. Nikiwa mtu niliyekulia mahali ambapo ukisimama kimya barabarani dakika tano lazima mtu akuulize una nini, naona ugeni wake ulikuwa mkubwa zaidi kule alikopuuzwa. Wapo wanaosoma kinyume. Wao wanaona utulivu Tokyo na usumbufu Lagos.

Nam June Paik sitamchelewesha msomaji, ingawa ndiye jina kubwa kuliko yote. Mtoto wa familia tajiri ya Seoul, alizaliwa 1932, vita vya 1950 vikawakimbiza, akapitia Japani, Ujerumani Magharibi, akatua New York 1964 na kuifanya televisheni kuwa udongo wake wa kufinyangia. Hakurudi Korea hadi 1984, baada ya miaka 34. Mwaka 1993 Ujerumani ilimweka kwenye banda lake la Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia, pamoja na msanii Hans Haacke, na banda likashinda tuzo ya Simba wa Dhahabu. Mle alimweka Genghis Khan juu ya baiskeli, amepakia televisheni nyuma. Mkorea mwenye makazi Marekani, anaiwakilisha Ujerumani, nchini Italia, kwa sanamu ya Mmongolia. Anachekesha kwa makusudi. Nampenda, ila kicheko cha aina hiyo kinahitaji pasipoti nzuri.

Sasa watoto. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 Korea Kusini ilianza kupeleka watoto nje kuasiliwa. Mwanzoni walikuwa yatima wa vita na watoto waliozaliwa na askari wa kigeni. Vita vikaisha, viwanda vikajengwa, nchi ikawa na magari na meli za kuuza, na watoto wakaendelea kwenda. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 8,000 kwa mwaka, wengi wakiwa wa kinamama wasioolewa. Kwa jumla wanakadiriwa kufika 200,000, waliopelekwa Marekani, Ufaransa, Sweden, Denmark, Uholanzi, Ubelgiji na kwingineko. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitamka kwamba serikali ilikiuka haki za watoto hao: nyaraka zilighushiwa, watoto wenye wazazi hai wakaandikwa yatima, utambulisho wa mmoja akapewa mwingine.

Fikiria hapo maana ya vipimo. Suh ana nyumba, ana ramani yake, ana baba mwenye jina. Mtu aliyeasiliwa ana faili, na faili inadanganya.

Jane Jin Kaisen alizaliwa kisiwa cha Jeju mwaka 1980, akapelekwa Denmark akiwa mchanga. Mwaka 2019, kwenye banda la Korea huko Venice, alionyesha filamu yake Jumuiya ya Kuachana. Ameijenga juu ya kisa cha Bari, kinachoimbwa na waganga wa Kikorea wanawake wanaosindikiza roho za wafu. Bari alikuwa binti wa saba wa mfalme aliyetaka mtoto wa kiume. Akatupwa. Alipokuwa mkubwa, wazazi wakaugua ugonjwa usio na dawa ila maji ya ulimwengu wa wafu, na ni yeye aliyetupwa ndiye aliyekwenda kuyaleta. Mfalme akapona, akampa nusu ya ufalme. Bari akakataa, akachagua kukaa mpakani, kati ya walio hai na wafu, akiwaonyesha njia wanaovuka.

Mtu mvivu angeitumia hadithi hii kusema kwamba mtoto aliyetupwa husamehe. Kaisen hafanyi hivyo. Anachokishika ni pale Bari anapokataa. Filamu inatoka Jeju inafika mpaka uliokata Korea mbili, inakwenda Kaskazini na Kusini, Kazakhstan, Japani, China, Marekani, Ujerumani, na kila mahali wanaongea wanawake ambao taifa liliwatoa kwenye hesabu. Mganga wa Jeju anayeendesha matambiko ndani yake ni manusura wa mauaji yaliyoanza kisiwani humo mwaka 1948, ambamo watu hadi 30,000 wanakadiriwa kuuawa, na ambayo kwa miongo mingi ilikuwa hatari hata kuyataja. Kaisen anatoka kwenye kisiwa hicho lakini kumbukumbu yake hana. Kwa hiyo hawezi kushona nyumba. Anachoweza ni kukaa na wale wenye kumbukumbu na kuwapa muda wao wote, na ndiyo maana filamu ni ndefu, inajirudia, na watu wengine hutoka kabla haijaisha. Mimi nilichoka pia. Ila sidhani ingekuwa ya kweli kama ingekuwa fupi na ya kupendeza.

Jeju ina sura nyingine ambayo siwezi kuiruka. Baada ya 1948 watu wengi wa kisiwa hicho walikimbilia Osaka kwa mashua, bila karatasi. Mwaka 2018 waliingia Jeju Wayemeni zaidi ya 500 waliokuwa wakikimbia vita, kwa sababu kisiwa kilikuwa hakidai viza. Nchi ikalipuka. Ombi la kuitaka serikali iwazuie lilisainiwa na zaidi ya watu 700,000. Mwishowe wawili tu walipewa hadhi kamili ya ukimbizi. Zaidi ya 400 waliruhusiwa kukaa kwa muda kwa sababu za kibinadamu. Nilizisoma habari hizo nikiwafikiria Wahadhrami wa Tanga, waliofika kutoka Yemen kwa majahazi na kufungua maduka, ambao baba alikuwa akinunua kwao kahawa. Sanaa nzuri ya nchi kuhusu ugeni wa watu wake haiizuii nchi hiyohiyo kumfungia mlango mgeni. Sijui kwa nini niliwahi kudhani ingezuia.

Nikirudi kwa Suh, sitaki nimwonee. Anajua zaidi kuliko hariri yake inavyosema. Huko San Diego, juu kabisa ya jengo la uhandisi la chuo kikuu, alibandika mwaka 2012 kibanda cha Kimarekani kilichoinama ukingoni, ghorofa ya saba, kama kilichodondoshwa na kimbunga; ukiingia, sakafu na kuta hazikubaliani na watu hupata kizunguzungu. Na mwaka 2012 huohuo, mjini Gwangju, alifunika kwa karatasi kuta za ndani za nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa sinema, yeye na wasaidizi wake wakajifunga vitambaa machoni, wakaisugua hadi kila ufa ukajitokeza. Gwangju ndiko jeshi lilikoua raia Mei 1980 na magazeti yakazuiwa kuandika. Kusugua ukuta ukiwa umefumba macho, mahali ambapo nchi nzima ilifumbwa macho, hilo si jambo la mtu anayetamani tu chumba chake cha utotoni. Kwangu kazi hiyo inaizidi ile ya hariri kwa mbali, na huwa haipigwi picha nyingi kwa sababu haina rangi za kuvutia.

Halafu kuna mradi wake wa daraja, ambao pale Tate nilikuwa karibu niupite. Kwa miaka mingi, akishirikiana na wahandisi na wataalamu wengine, amekuwa akitafuta mahali pa nyumba kamili: pawe na umbali sawa kutoka Seoul, New York na London. Hesabu imeangukia Bahari ya Aktiki, kwenye barafu. Amechora madaraja ya kufika huko, na kwa ajili ya mtu atakayekwenda amebuni vazi la kujiokoa.

Nikafanya hesabu yangu. Tanga na London, njia fupi ya angani, katikati yake. Ikaangukia jangwani kusini mashariki mwa Libya, kilomita 100 hivi mashariki mwa Kufra. Kufra ni mji wa chemchemi ambako malori yanayobeba wahamiaji kutoka Sudan na Chad hushusha watu, na wengi hufungiwa hadi ndugu zao watume pesa. Februari 2025, maonyesho ya Tate yakiwa hayajafunguliwa, makaburi ya pamoja ya wahamiaji yalifukuliwa eneo hilohilo. Katikati ya Uvira na London ni jangwa lilelile, magharibi zaidi.

Nilimtumia rafiki yangu picha ya ramani. Badala ya kujibu akapiga. Kufra anaijua, mtoto wa dada yake alishikiliwa hapo, na ndugu wa Uvira, wa Bujumbura na yeye wa London wakachanga dola hadi akaachiwa. Sasa yuko Italia, anachuma nyanya. Akaniuliza kama yule baba wa Korea anajua kwamba pale katikati kuna watu wanapita. Nikamwambia nadhani anajua, ndiyo maana ameweka na vazi la kujiokoa.

"Ya mutu moja?"

Ndiyo, nikamjibu, la mtu mmoja.